Sakafu ya Ilazo

Julai. Upepo wa Dodoma unapita hata tundu la kitasa.
Malogo amepiga magoti tangu alfajiri,
anatandaza sponji yenye ngozi ya fedha juu ya zege
ili joto lisizame ardhini bure;
kisha waya, kwenda na kurudi,
kama anayepiga matuta ya karanga.
"Usikanyage," ananiambia. "Ukikatika huu
tutafukua nyumba nzima kutafuta kidonda."

Mbao zinaingiana: ta. Ta.
Kandokando ya ukuta anaacha upenyo wa kidole.
Mbao nazo hupumua, anasema, ukizibana zinatutumka.

Jioni tunawasha. Taa zinafifia kidogo.
Mama, niliyemleta juzi kutoka Mvumi na nyayo zake zilizopasuka,
anavua soksi, jozi ya juu, jozi ya chini,
anasimama katikati ya sebule.
Kule kwenye tembe joto lilitoka chumba cha pili,
kwa mbuzi na ndama,
likipenya udongo pamoja na harufu yao.

Anainama. Anapapasa.
"Humu chini mmewalaza wangapi?"

Malogo, akikusanya vipande vilivyobaki, hacheki.
"Wengi, mama. Ila hawa wanakula Luku."