Aliye Karibu Hujibu Kwanza

Nahuelquín alizitunza nambari kwenye daftari la kijani,
kila kompyuta na mstari wake, kwa penseli,
ili akifuta isibaki alama. Ilibaki.
Coyhaique kurasa kumi, Cochrane tatu,
Chile Chico ukurasa mmoja, na printa ya ghala
pembeni kabisa, kama mtoto aliyezaliwa sensa ikishapita.

Siku ya kustaafu alinipa daftari na ufunguo wa chumba cha seva.
Kuna mbili zinagombana, akasema,
sikuwahi kujua ni za nani.

Nikalifunga daftari. Nikaiacha seva igawe.

Sasa mashine ikiamka asubuhi haina jina wala pa kukaa.
Inabisha kwa wote waliomo chumbani:
hodi, kuna wenyewe?
Sauti yake haivuki mlango. Ndivyo ilivyoumbwa.
Na mwenye nyumba yuko Coyhaique,
mwendo wa siku nzima, sehemu kubwa changarawe.

Kwa hiyo kila tawi nikaliwekea tarishi.
Anasimama kizingitini, anaidaka hodi, anaitia bahasha,
juu anaandika imetoka chumba gani.
Seva husoma bahasha kabla ya barua:
ya Cochrane, itachotewa fungu la Cochrane.
Karibu. Hii yako, kwa siku nane.
Naichukua.
Haya, nimeandika.
Na siku ya nne, kodi haijaisha,
mpangaji anarudi mwenyewe kuomba aongezewe.
Wapangaji wa namna hiyo mtaani kwetu sijawaona.

Miezi saba nililala usingizi.

Juni, theluji magotini, akapiga simu Eleuterio wa ghala la sufu:
mizani haizungumzi na ofisi.
Jana mashine tatu zilikufa, leo zimefufuka, zimekufa nyingine.
Labda ni baridi, akasema.
Kule kila kitu ni baridi.

Nambari inaanzaje? Akaisoma taratibu, kama asomaye deni:
mia moja tisini na mbili, nukta...
Basi, nikasema. Hiyo si yangu.
Hiyo sijawahi kumpa mtu.

Minyororo kwenye matairi, koleo nyuma ya gari,
usiku mmoja Cerro Castillo, kitanda chenye mablanketi sita.
Nikaikuta nyuma ya kabati, chini ya kalenda ya dawa za kondoo:
ruta ndogo nyeupe yenye pembe mbili,
imetoka nyumbani kwa Otilia Cárcamo, mhasibu.
Mawimbi ya ofisi hayakifiki kiti chake,
na mama yake yuko Tortel, peke yake, na jiko la kuni.
Jirani amewafungia kamera.

Ile ruta haikuwa na nia mbaya.
Ilisikia hodi, ikasema karibu.
Ilikuwa chumba kimoja na mbishaji,
wakati seva yangu, yenye haki zote, ikingoja bahasha.
Ikawapa wageni nambari za nyumbani kwa Otilia,
ikawaonyesha mlango usiotokea ofisini kwetu.

Nikachomoa waya.
Katika simu ya Otilia picha iliganda:
mkono wa mama, kibao cha mlango wa jiko.
Alikuwa anatia kuni, akasema,
si kwa kulalamika.

Kuifundisha swichi kwamba neno karibu
litaingilia tundu moja tu, dakika kumi.
Kupitisha kebo darini hadi juu ya kiti chake, saa tatu,
Eleuterio kashika ngazi, vumbi la sufu linatuingia puani.

Kisha simu ikabisha hodi.
Otilia hakuwahi kupepesa jicho, bahasha ilikwenda na kurudi.
Mama alikwisha kaa, anamenya viazi.

Siku nane, eh? akauliza Eleuterio. Na ya tisa?
Ya nne itaomba yenyewe.
Itamwomba nani?
Nikanyoosha kidole dirishani, kaskazini,
ambako hapakuonekana kitu.