Palitarajiwa Jina

Saa nane usiku, Ng'ong'ona. Upepo wa Julai
unapenyeza vumbi chini ya mlango.
Umeme upo, maji hayapo,
nami nahesabu maji.

Ndiyo kazi niliyopewa: programu ya visima,
kina cha asubuhi, kina cha jioni,
kila eneo na kigeu chake.
EBAHI, nikaandika. EKONGWA. EMPWAPWA.
Na ya nyumbani, kwa ufupi tuliouzoea,
EDOM.

Bahi ikapita. Kongwa ikapita.
Mpwapwa, pamoja na milima yake, ikapita.
Mstari wa arobaini na moja kompaila ikagoma:
palitarajiwa jina, imekutwa namba.

Namba gani? Nimeandika herufi nne.
Nikazisoma kwa sauti, mojamoja, kama mtoto wa chekechea.
Nikafuta, nikaandika zilezile.
Nikailaumu kibodi, nikamlaumu Sechelela
aliyeazima kompyuta jana kutazama tamthilia.

Sechelela akajigeuza kitandani:
"Labda yupo mwingine anaitwa hivyo."

Yupo. Katika faili la makosa, ndani ya maktaba
niliyoikaribisha mwenyewe mstari wa tatu,
EDOM alikuwako kabla sijazaliwa:
si mji, si kisima, ni kosa la hesabu,
thelathini na tatu.
Na kabla kompaila haijanisoma
mkono mwingine ulishapita, kimya,
kila penye Dodoma ukaandika 33.
Kigeu changu hakikuwa kigeugeu.
Kiligeuzwa.

"Nimempata somo yake," nikasema.
"Somo la nini?"
Akalala tena.

Nilicheka. Kisha sikucheka.
Bibi alikuwa na shamba Nzuguni, la uwele na karanga,
likiitwa Kwa Ndahani,
kwa jina la shemejiye asiyelipa madeni.
Wapima wakaja na kamba, wakachomeka vigingi,
na ramani ilipotoka ilisema
Kitalu F, kiwanja mia na kumi na nane.
Bibi akasimama dirishani kwa karani.
Anataja jina, anaulizwa namba.
Anataja jina.

Saa kumi kasoro nikaandika ENEO_DOM,
kistari katikati kama mtu anayejivuta pembeni
kumpisha mwenye nyumba.
Ikakubali, bila kuomba radhi.
Makutupora, kina cha jioni: mita ishirini na sita na nusu.

Uani bomba likakohoa,
likatoa hewa.