Skrubu Moja

Jumamosi ya Februari, mjini Sudbury.
Nje theluji imemeza magurudumu ya magari;
humu ndani, kwenye bwawa la moteli,
nimepiga magoti juu ya vigae, shati limelowa jasho,
klorini yaniwasha pua,
namulika tochi chini ya maji.

Kifuniko cha tundu la kunyonyea kinacheza.
Si sana. Kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Skrubu moja ipo.
Ya pili sijui ilikokwenda.

"Ni skrubu moja tu, Mghoi," asema Bwana Thibodeau,
meneja, funguo zikimlia kiunoni.
Saa nane kuna sherehe. Watoto kumi na wawili
wametoka Timmins kwa basi dogo, njia nzima barafu,
na keki imeshafika, ina umbo la papa.

Papa wa keki ana meno. Huyu wangu hana.

Kitendawili!
Tega.
Hana meno, hana ulimi,
hunyonya usiku na mchana wala hashibi.
Vingine ukishindwa hunipa mji,
nikaenda huko, nikala, nikanywa, nikarudi na jibu.
Hiki ukishindwa, mji hautoshi.

Mimi nilishindwa mara moja, mwaka wangu wa kwanza kazini,
huko Barrie. Nilipeleka kiganja kwenye tundu lililo wazi
kuona tu kama maji yanakwenda.
Yalikuwa yanakwenda. Yakataka kwenda na mimi.
Nikavuta kwa bega, kwa mgongo, kwa jina la mama,
nami ni mtu wa kupanda ngazi na madebe mawili mkononi,
wapi!
Hadi Ousmane alipoipiga swichi nyekundu ukutani.
Sekunde tisa, alisema. Mimi sikuhesabu.
Wiki nzima nikatembea na duara la zambarau kiganjani
kama muhuri wa ofisi:
umepokewa, umerudishwa.

Pampu haina chuki. Hilo ndilo linaloniogopesha.
Haijui jani, haijui kamba ya vazi la kuogelea,
haijui rasta za Wakesho, binti ya kaka yangu,
zilizosukwa saa sita jikoni kwangu, shanga hadi nchani,
Wakesho anayependa kuzama mpaka chini
kusikiliza, eti, bwawa linavyokoroma.

Nimemfundisha mpaka amenichoka.
Nywele?
"Ndani ya kofia, shangazi."
Unakaa wapi?
"Popote, ila si juu ya tundu."
Kifuniko kimepasuka, kimelegea, hakipo?
"Siingii. Nawaita wakubwa."
Mwenzio kashikwa chini?
Zamani alijibu: namvuta.
Kila mtu hujibu hivyo; ni moyo unaojibu.
Sasa: "Swichi kwanza, shangazi. Nyekundu. Huku napiga kelele."
Kisha anageuza macho juu darini
kama anayekaririshwa mara saba kwa siku ya mia.

Basi nimezima pampu.
Nimefunga mlango wa kioo, mnyororo raundi mbili.
Kifuniko kipya na skrubu zake vitafika Jumanne,
barabara zikikubali.
Thibodeau ananiuliza ni nani atakayewarudishia watu pesa zao.
Sijui. Mimi fundi.
Wakesho ameandika kibao kwa kalamu ya wino mzito,
na chini ya maandishi, bila kuambiwa,
amechora mdomo usio na meno.

Saa nane kamili wamekuja, taulo shingoni.
Wamejibandika kwenye kioo, pua zimebonyea,
wananichukia kwa moyo mmoja.
Kuna aliyenichora kwenye mvuke kwa kidole,
mimi huyu huyu, na pembe.

Nimezihesabu pembe: mbili.
Nimezihesabu pua: kumi na mbili.
Zote zipo.