Unyaufu

Bwana Hashimu Chinguile, muuza magari wa Mtwara,
nakuandikia kwa hasira iliyolala nje usiku mzima.

Ulisema mia mbili na kumi.
Ulisema umeweka kiganja juu ya boneti
kama mtu anayeapia kichwa cha mwanawe.
Kwetu Newala ni mia na arobaini na ushee;
nikatoa, nikapata akiba ya sabini,
na kwa sabini hiyo nikamwahidi Somoe
tutapitiliza hadi kwa dada yake, Kitangari.

Nailoni ilikuwa bado kwenye viti. Ilinata mgongoni.
Gari halikunguruma; kuku wa Nanyamba hawakulisikia,
nikawapigia honi kama bwana harusi.
Kisha ile namba ya kijani ikaanza kukimbia
mbele ya magurudumu.
Nikazima kiyoyozi. Nikazima redio.
Somoe akauliza kama nataka kumzima na yeye.

Kutoka pwani kuja kwetu ni kupanda,
kupanda kwa upole, kama deni:
huoni mlima mpaka pumzi iishe.
Pumzi iliisha kilomita ya mia, Tandahimba tunaiona.

Kando palikuwa na meza, chupa za maji
zimejazwa petroli, zinang'aa kama asali.
Kijana akaja mbio na mpira wake.
Nikamwambia, halinywi hiyo.
Akalizunguka, akatafuta tundu,
akaniuliza kwa huruma:
"Sasa mzee, linakula nini?"

Umeme wa chupa, Bwana Hashimu, hauuzwi.

Kazi yangu hukuniuliza.
Uliuliza tu kama nalipa taslimu.
Mimi ni karani wa mizani, chama cha msingi,
misimu kumi na tisa ya korosho.
Gunia linapanda, nasoma namba,
halafu naondoa kidogo. Unyaufu, nasema.
Korosho hukauka njiani; si mimi, ni jua.
Mkulima huitazama mizani, hunitazama mimi,
kisha huweka dole gumba.
Sisemi unyaufu ule umenunua tairi moja la gari hili.
Wala sisemi haukununua.

Waliosukuma walikuwa sita.
Nyumba ya karibu yenye umeme ilikuwa ya Bi Fatu Namwalala.
Nilimjua kwa magunia yake:
hushona midomo yake kwa uzi wa buluu.
Naye alinijua.
Akachungulia kwenye kioo, akaiona sifuri,
akacheka bila sauti, mabega tu.
"Walikwambia ngapi?"
"Mia mbili na kumi."
"Pole, karani. Hizo nyingine ni unyaufu."

Ungekuwa wewe, ungejibu nini?

Akapitisha waya dirishani.
Akasoma mita ya luku, akaandika namba ukutani kwa mkaa,
akaniita nisome na mimi, nihakikishe.
Nikahakikisha.
Usiku umeme ulikatika mara mbili,
huku kwetu, ambako gesi inatoka chini ya miguu yetu,
na kila uliporudi alitoka na tochi,
kanga imefungwa kifuani,
akaangalia kama gari linakunywa.
Somoe alilala ndani, kwenye mkeka wa wenyeji.
Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Alfajiri akatoa namba ya jana katika namba ya leo.
Uniti sita na nukta nne.
Nikampa elfu kumi, nikamwambia chenji abaki nayo.
Akakataa.
Aliihesabu juu ya boneti,
pale pale ulipoweka kiganja chako,
noti juu ya noti, hadi sarafu ya hamsini.
"Hesabu na wewe," akasema.

Nikahesabu. Haikupungua kitu.

Bwana Hashimu, barua hii ilianza na matusi.
Yamenyauka njiani.
Ila kilomita mia na kumi bado nakudai.