Sifuri ya Isyonje

Saa moja kasoro. Kabwe bado imejifunika ukungu.
Nawasha kompyuta kabla ya birika.
Dashibodi inafunguka polepole, ubao baada ya ubao, kama duka la zamani:
Mwanjelwa kwanza, nguzo ndefu ya kijani,
kisha Tunduma, ipandayo na kushuka na foleni ya malori,
Tukuyu, Igawa, Makambako,
na pembeni kabisa, Isyonje:
sifuri.

Jana sifuri. Juzi sifuri.
Siku kumi na moja zimejipanga mstarini
kama viazi vya mbegu, vyekundu, visivyochipua.

Dashibodi hii nimeichora mwenyewe.
Miezi mitatu nililala na madaftari ya mawakala:
mbolea moja, majina tisa,
"dapu", "ya kupandia", "ile nyeusi ya zamani",
tarehe za mwaka ambao haujafika,
na mfuko mmoja uliouzwa milioni mia saba hamsini na nne
kwa sababu mtu wa Igawa
aliandika namba yake ya simu kwenye safu ya bei.
Nikasafisha. Nikafua. Nikaanika.
Kila rangi nikaipa kazi:
kijani, tunakula;
njano, tusubiri;
nyekundu, mtu aulizwe.

Bwana Nswila anaipenda nyekundu.
Anasimama nyuma ya kiti changu na andazi mkononi,
kidole chake kinaacha doa la mafuta juu ya Isyonje.
"Huyu mama anatutagia mayai tu.
Mwandikie barua. Msimu uko mlangoni, yeye kalala."

Barua naijua kuiandika. Ina nafasi ya jina, ninajaza tu.
Ila kwanza nikapiga simu. Haipatikani.
Nikampigia Lwitiko, wa Fuso inayopeleka mifuko.
Injini ikanguruma mteremkoni, sauti yake ikaja vipande vipande:
"Anyosisye? Dada, kwani... hamjui?
Yuko huko huko kwenu. Rufaa.
Anamuuguza mwanawe, wiki ya pili hii.
Duka kafunga, ufunguo kaondoka nao."

Huko huko kwetu.
Umbali wa bajaji moja.
Mimi naiona Isyonje, kilomita zote zile na baridi yake yote,
simwoni mtu aliyepita chini ya dirisha langu
amebeba ndoo na shuka.

Nikarudi kwenye fomula, mstari wa arobaini,
nikasoma amri yangu mwenyewe:
*pasipo na kitu, weka sifuri.*
Nilidhani ni usafi.

Lakini sifuri ni mtu.
Sifuri amefungua mlango, amefagia, amekaa kwenye kigoda,
ametazama barabara mpaka jioni, na hakuna aliyekuja.
Pengo ni kitu kingine.
Pengo ni kufuli, na umande juu ya kufuli.
Nami nilikuwa nimeyafinyanga pamoja, siku kumi na moja,
nikayapaka rangi ya kosa.

Nikaifuta amri. Nguzo ya Isyonje ikatoweka,
pakabaki kistari cha kijivu.

"Hii kijivu ni nini?" akauliza Bwana Nswila.
"Hatujui, bosi."
"Hatujui nini?"
"Ndiyo maana yake. Hatujui."
Akatafuna muda mrefu.
"Ijumaa kuna kikao. Isionekane."

Mchana nilichukua chupa ya chai na mkate.
Nilimkuta kwenye benchi la nje, jua likimpiga mguu mmoja.
Sikuwa nimewahi kumwona. Nilimjua kwa mwandiko:
saba zake zina mkia, kama vibuyu.
Nilipotaja jina la kampuni alisimama haraka,
akafungua fundo la kanga, akatoa karatasi iliyolowa jasho.

"Jumatatu ile, kabla sijafunga, niliuza mifuko miwili.
Mtandao ulikataa. Nisamehe, mwanangu.
Nimekaa nayo hapa, naogopa isipotee."

Mbili.
Niliiandika kwenye kiganja, kwa kalamu yake,
kisha nikamuuliza mtoto anaitwa nani.