Betri za Kwapani

Nyurgun aliingia dukani na ukungu wake,
digrii arobaini na sita chini ya sifuri zikimfuata mlangoni,
akamwaga betri nne juu ya kaunta
kama mtu anayerudisha mayai mabovu.
"Zimekufa," akasema. "Hata mtoni sijafika."

Mwaka wa kumi na moja huu nauza betri Yakutsk.
Nimezoea kulaumiwa kwa makosa ya majira.
Nikazipima: moja nukta tatu, moja nukta tatu,
moja nukta mbili tisa, moja nukta tatu.
"Hazijafa, bwana. Zimeduwaa."

Hakunisikia. Macho yalikuwa rafuni,
kwenye zile zenye maandishi ya dhahabu,
elfu tatu na mia tano, bei ya mkate na siagi.
Nikamwambia ukweli, maana mwenye duka hakuwepo:
hiyo namba ni debe tupu, na debe tupu unajua linavyovuma.
Chukua hizi nyeupe, elfu mbili tu.
Hazijisifu, lakini ukizijaza Oktoba
Machi utazikuta macho.
Usichanganye kuukuu na mpya,
ile dhaifu itazivuta zote shimoni.
Chaja iwe hii ya taa nne,
kila mgonjwa na daktari wake.
Na kikasha, tafadhali. Betri na funguo mfuko mmoja
ni suruali kuungua.
Na ukirudi kwenye chumba chenye jiko,
kamera ifunge kwanza ndani ya mfuko wa nailoni,
isije ikatoka jasho kwa ndani.

Akauliza jumla. Nikamtajia.
Akatazama dari muda mrefu.

Binti yake yuko Krasnodar, anauza matikiti maji.
Ameandika kwamba amesahau
jinsi farasi wa kwao wanavyoota barafu kwenye kope.
Anataka picha. Simu haifai,
simu huzima kabla glovu haijavuka kidole cha pili.

"Fungua koti," nikamwambia.
Koti la manyoya, sweta, sweta, shati.
Nikamrudishia zile nne zake, akazibana kwapani,
mbili kushoto, mbili kulia,
akasimama wima kama kuruta anayepimwa homa.
Tukanyamaza.
Mama mmoja akaja kuulizia kebo,
akatutazama, akaondoka bila kebo.

Dakika tisa.

Akazitia kwenye kamera, zikiwa na joto lake bado.
Lenzi ikatoka taratibu
kama kobe anayechungulia kama mvua imekwisha.
Akanielekezea mimi.
Sikuwahi hata kuvua miwani.
Miaka kumi na moja katikati ya kamera,
na sina picha hata moja nikiwa kazini.

Kioo kikaandika: *Hakuna kadi.*
"Na hiyo nayo bei gani?"

Alichukua zile nyeupe na kikasha.
Chaja nikaiandika kwenye daftari, kwa penseli,
atalipa nyama ikiuzwa.
Kadi aliiacha.
Mfuko wa nailoni nilimpa wangu, ule wa chakula,
una harufu ya samaki kidogo.

Kwa hiyo nimo humo, kwenye tumbo la kamera,
lenye nafasi ya picha saba tu,
nimekodoa macho, mkononi nimeshika kipima umeme,
nikivuka mto juu ya barafu kifuani mwa Nyurgun.
Zimebaki sita za farasi.