Chupa Thelathini na Nane

Nyangeta wa baa kaleta kreti mbili kwa bajaji,
moja imejaa, ya pili pungufu,
akasimama getini, mkono kiunoni:
"Shemeji, hizi za Mbonea. Nimechoka kuzifuta vumbi."

Ndivyo ilivyokuwa. Tangu tumzike Usangi,
wenzake wakiingia pale Tabata, Jumamosi,
hunyoosha kidole kwenye kiti chake:
"Mpe na huyo mbili."
Na Nyangeta, mwanamke wa hesabu,
hupokea hela, huandika daftarini,
hutenga chupa chini ya kaunta.
Mwaka mzima marehemu kanunuliwa
kuliko alipokuwa hai.

Mimi bia sinywi. Naijua harufu tu,
ilivyokuwa ikifika nyumbani kabla ya mwenyewe.
Lakini pipa lake lipo stoo, nimelifunika kanga:
la chuma, lita kumi na tisa, kimo cha mtoto wa chekechea.
Alilinunua mnadani Masaki, mzungu akihama,
akatoboa mlango wa friji bovu, akapachika bomba,
akaniambia, "Mke wangu, sasa tuna kisima."
Kisima hakikutoa tone.
Mara gesi hakuna, mara hela hakuna,
mara yeye mwenyewe hakuna.

Juu ya friji aliandika kwa wino mzito:
BARIDI KWANZA. GESI KABLA YA BIA.
MPIRA UFIKE CHINI. USIHARAKISHE.
Mwandiko wa fundi,
herufi zimeegemeana kama watu wanaotoka baa.

Basi Alhamisi kijana wa jirani, Mrindoko, akaenda Gerezani,
akarudi na mtungi begani kaubeba kama mgonjwa.
Tukapoza chupa, tukapoza pipa, usiku kucha.
Asubuhi tukapuliza gesi kufukuza hewa,
pipa likashusha pumzi, fyuuu,
kama mtu aliyevua viatu vya kuazima.

Nikafungua ya kwanza. Kizibo kikaviringika chini ya kabati.
Ya mlima, ya chui, ya ndovu, zote mpira mmoja.
Mrindoko akashtuka: "Mama, unachanganya?"
Nikamwambia, haya nichambulie wewe:
ipi ya aliyempenda,
ipi ya aliyetaka aonekane,
ipi ya yule dereva aliyekuwa akimdai
akaona aibu kumdai maiti?
Akanyamaza. Akanipa chupa nyingine.

Ya kumi na moja, umeme ukakatika.
Februari hii, jasho linatoka hata ukutani.
Bia ikakasirika. Povu likapanda mpira,
likaruka shingo ya pipa, likatambaa sakafuni
hadi kwenye zulia la wageni.
Nikafunga kila kitu. Nikakaa chini, miguu imelowa,
nikasoma tena lile neno la mwisho juu ya friji.
Nikalamba kidole.
Chungu.
Mbonea, hiki ndicho kilikuwa kinakuchelewesha?

Saa tatu usiku mtaa mzima ukapiga kelele, umeme umerudi.
Tukaendelea taratibu, chupa imelazwa ubavu,
kama unamnywesha mtoto dawa.
Ya thelathini na nane ilipoisha
Mrindoko alikuwa amelala kitini, kifungulio mkononi.

Jumamosi wakaja, na glasi zao wenyewe.
Mpigaji kidole na mpigiwa kelele, wote foleni moja,
hakuna aliyejua anakunywa ya nani.
Dereva alikunywa nusu, akatoka nje, akakaa sana.
Nyangeta naye alikuja, kapaka wanja;
mara ya kwanza kumwona amekaa, wengine wakihudumu.
Glasi ya kwanza tu, akauliza kwa mazoea,
"Hii nani analipa?"
Wakacheka mpaka bomba likakohoa,
likatema povu, likanyamaza.

Akatoa daftari pochini, akachora mstari mmoja mrefu
juu ya jina la mume wangu. Haukunyooka.
Kisha akainama kwenye kreti
akahesabu chupa tupu,
akapangusa wanja, akahesabu tena.